Bakuli Lisilo na Jina Kwenye Meza ya Kanisa

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa jikoni na bakuli langu la kioo mezani, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana haya mambo nimejitakia mwenyewe.

Mume wangu Harlan alikuwa na duka la sandwichi hapa Nebraska kwa miaka thelathini na minane, na watu walifuata sandwichi yake ya Rubeni, ile nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye chumvi, kabichi chachu, jibini na sosi ya pinki ndani ya mkate mweusi wa nafaka ya rai, na mimi nilikuwa kule nyuma nakata nyama na kukamua kabichi, na kila jioni naona ncha za mikate na mabaki ya nyama yanatupwa, basi siku moja nikamwambia tuvipange kwenye bakuli tuoke, tuuze kwa sahani, akaangua kicheko mbele ya wateja, "Mama wee, hicho ni chakula cha wagonjwa! Rubeni inaliwa kwa mikono miwili, ukiitia kijiko umeiua!" Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini niliumia na sikulitaja tena.

Septemba magoti yake yaligoma tukafunga duka, na mwezi uliopita ilipofika Jumapili ya kila nyumba kuja na chakula chake kanisani, nikasema leo napika kile kile alichokicheka, nikakausha vipande vya mkate kwanza visije vikawa uji, nikakamua kabichi hadi tone la mwisho, nikapanga na nyama na sosi, jibini juu, nikaoka hadi pembeni pakachemka, halafu kwa kumwogopa Harlan nikaubandua ule utepe wa jina tunaoubandika chini ya bakuli lisipotee, nikaliweka mwisho wa meza kati ya viazi na jeli, nikajifanya silijui.

Harlan alirudi kupakua mara tatu! "Nani kapika hiki? Huyu mtu anajua kazi, kabichi imekamuliwa, mkate haujalowa!" Arlys, ninayeimba naye kwaya, alikuwa amesimama pale na kijiko cha kupakulia, Harlan akamgeukia, "Arlys, ni wewe?" Naye akatabasamu, "Ah, Harlan nawe, ni vitu vya nyumbani tu." Nilikuwa hatua mbili kutoka pale na sikufungua mdomo.

Tangu siku hiyo ni Arlys, Arlys, Arlys, na Jumapili hii tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, sherehe ni kwenye ukumbi ule ule chini ya kanisa, na Harlan amemwomba Arlys alete kile chakula, naye amenipigia simu, kumbe alilitambua bakuli kwa ufa wake, "Mwenzangu, niokoe, nitaaibika. Wewe pika, mimi nitabeba, nani atajua?" Nikisema ukweli Harlan ataona nimemfanya mjinga mbele ya watu, nikinyamaza nitamtazama mwanamke mwingine akipongezwa kwa kazi ya mikono yangu siku ya ndoa yangu. Nifanyeje?

Mke wa Harlan

*

Mke wa Harlan,

Pole. Kuchekwa na mumeo mbele ya wateja kunauma, na haikuwa haki. Pole yangu inaishia hapo.

Unamlalamikia Arlys, lakini uongo wake ulichukua sekunde moja. Wewe ulikaa nyumbani kwako ukaubandua utepe polepole kwa kucha. Ulitaka Harlan akisifu chakula bila kujua ni cha nani, akakisifu, sasa unalia kwamba hajui. Mama, ulitaka nini hasa?

Unaogopa atajiona mjinga. Na ajione kidogo, hatakufa. Mtu aliyeuza kabichi uliyoikamua wewe miaka thelathini na minane, halafu akaitambua kwa ulimi na bado akamuuliza Arlys, anastahili kuona haya. Ila tumtendee haki pia: alirudi mara tatu, tena kwa kijiko. Ile kauli yake ya chakula cha wagonjwa ameshaimeza.

Mpigie Arlys leo, si kesho. Mwambie, "Dada, hubebi. Wewe lete jeli." Atashusha pumzi, niamini.

Jumamosi mwite Harlan jikoni umpe kabichi akamue. Usimhutubie. Akiuliza, "Hiki si kile cha Arlys?" mjibu, "Ni changu. Ndicho ulichokicheka dukani." Kisha endelea kupanga nyama yako. Akinuna, mwache anune, ana usiku mzima wa kumaliza. Lakini alijue jambo hili nyumbani kwenu kabla ya watu wa kanisa, hiyo ni haki yake kwa miaka arobaini ya ndoa.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jina lako. Harlan nimemjua, Arlys nimemjua, hata bakuli nimejua lina ufa. Wewe sikukupata. Na sina shaka utepe ulioubandua nao uliandikwa "Mke wa Harlan," kama mama zetu walivyozoea hapa. Kata mwingine. Andika jina ulilopewa na mama yako, kwa herufi kubwa, na safari hii usiubandike chini ya bakuli. Bandika ubavuni, upande unaotazama foleni.