Kasia Nisiloliona Mtoni Miriu

Katito,
Jumapili jioni

Mdogo wangu Mwadime,

Wengi wetu hukosea kudhani kwamba mtu anayesoma gazeti bila miwani ana macho mazima. Nilikuwa mmoja wao mpaka mwezi uliopita. Unisamehe kuanza na hilo kabla ya salamu. Nimefundisha miaka mingi mno, na jambo kubwa huwa naliandika kwanza ubaoni. Sasa, hujambo? Shemeji amepona kile kifua? Mvua imefika huko Taita, au bado mnatazama mawingu? Mimi huku Nyakach naendelea, na mahindi yangu nyuma ya nyumba ya shule yamebeba vizuri.

Nataka nikueleze siku moja ya uvuvi.

Ochieng', baba wa msichana niliyemfundisha hesabu, alinialika Jumamosi moja tukavue mbuta kwa mshipi katika Mto Miriu, karibu na unapoingia ziwani. Ni mto ule ule unaoitwa Sondu huko juu. Ukishuka huku watu huubadilishia jina. Mbuta ni samaki mkubwa mwenye mdomo mpana, na wazee wa hapa bado humwita mgeni, kwa maana walikua bila kumjua. Hapendi mkondo wa kasi. Hukaa pale maji ya udongo yanapokutana na maji ya ziwa, akingoja samaki wadogo wanaoletwa na mto. Kwa hiyo tulipiga makasia polepole kando ya mafunjo, chambo kikiogelea nyuma yetu.

Tuliketi ubao mmoja, yeye kushoto kwangu. Mwanzoni alizungumza sana, kisha akanyamaza. Nikadhani ndiyo desturi ya wavuvi, nami nikanyamaza nikitazama ndege.

Jua lilipopanda, mbuta akashika ndoana ya Ochieng'. Alimchosha kwa utaratibu, akimwachia mshipi na kuurudisha. Samaki alipokaribia, Ochieng' aliamua heshima ya kumvuta iwe yangu, maana ndiyo mara yangu ya kwanza. Alininyooshea mshipi, akasema nishike. Nilisikia, nikageuka, lakini mkono wangu ulishika hewa. Naye alikuwa ameshauachia. Mshipi ukaenda na samaki.

Hakupiga kelele. Aliweka kasia magotini, akaniambia, "Mwalimu, tangu asubuhi nakupa mkono, unaiacha inaning'inia. Nakupa chambo, unaangalia maji. Sasa hata samaki. Kama mimi ni mtu mchafu, sema tu, nikurudishe nyumbani."

Ujue, Mwadime, hapa kumwacha mtu na mkono wake hewani ni tusi kubwa kuliko matusi ya mdomo. Nilimwapia kwamba sikuuona mkono wowote. Akacheka kwa uchungu. Alisema binti yake humsimulia jinsi ninavyoona kosa la daftari nikiwa bado mlangoni. Vipi nisione mkono wa mtu mzima? Kisha nikasikia maji yakidondoka mahali fulani kushoto kwangu.

"Hii kasia iko wapi?" akauliza.

"Kasia gani?"

Hakucheka. Alilisogeza mbele kidogo kidogo, nami nikitazama mbele kama alivyoniagiza, mpaka bapa lake likatokea ghafla, karibu na pua yangu, likichuruzika.

"Aa, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe si mtu ya kiburi. Wewe ni mgonjwa."

Akainuka, mashua ikayumba, akahamia kulia kwangu. Alasiri tulipata mbuta mwingine, urefu wa mkono wangu. Alimweka mikononi mwangu mwenyewe, polepole, mbele kabisa ya macho yangu.

Jumatatu nilikwenda Kisumu kwa daktari wa macho, mama mmoja mwenye subira. Alinieleza kwamba hii ni presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembeni na kuacha katikati, ndiyo maana mtu husoma vizuri huku akipoteza dunia ya kando. Kilichokwisha kuliwa hakirudi; dawa ya matone hulinda kilichobaki. Halafu akauliza kama kuna mwingine nyumbani, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika ukoo.

Hapo nilimkumbuka baba. Unakumbuka watu walivyomwita mwenye kiburi, eti anapita njiani bila kuitikia? Mama ndiye aliyeitikia kwa niaba yake, akimtetea kila siku. Hata kwenye mazishi kuna jirani aliyesimama akasema amemsamehe maringo yake. Baba hakuwa na maringo. Hakuwaona. Nami, mwanawe mkubwa niliyesoma, niliona haya kwa ajili yake badala ya kumpeleka kwa daktari.

Kisha nikakufikiria wewe. Krismasi nilipokuja, lori lako lilikwaruza nguzo ya lango mara mbili kwa wiki moja, zote upande wa kushoto. Ulimlaumu fundi aliyejenga lango jembamba, nami nikamlaumu pamoja nawe. Shangazi Mghoi naye alininong'oneza kwamba siku hizi unampita dukani kama mti. Huenda nimekosea, na ningefurahi sana kukosea. Lakini barabara ya Voi ina watoto wanaotembea pembeni.

Nisalimie shemeji, umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Msalimie dada yetu Wakesho na wanawe. Shangazi Mghoi mwambie asikuhukumu bado.

Ni mimi kaka yako, Mwakio, na ninakuagiza jambo moja tu: leo hii mpe dereva mwingine funguo za lori, uende hospitali, umwambie daktari akupime presha ya macho.