Hesabu Nilizozisikia Nyuma ya Pazia

Baba Salma,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mola akupe nafasi kaburini mwako. Nimetoka eda Jumatano. Watu walidhani nitakwenda kwa mama Chake Chake nikapumzike. Wifi akanishonesha buibui jipya, na buibui hilo likanipeleka moja kwa moja skuli kwa Salma. Nimerudi na habari, na sina mwengine wa kumpa. Mambo ya skuli yalikuwa yako.

Yalikuwa yako kweli. Mimi kazi yangu kufua sare na kuuliza umekula. Wewe ndiye uliyekwenda vikaoni, ukarudi unalalamikia viti vyao vya watoto. Alasiri ukishaifunika cherehani unamwita barazani, unamtandikia futikamba sakafuni: "Haya fundi, robo tatu ya hii iko wapi?" Akikosea, unamwambia ameshamkatia mteja suruali ya mguu mmoja. Mtoto anacheka, anahesabu tena, anapatia.

Wiki ile ya mwisho ulikuja na habari kuwa mtaala umebadilishwa na kidato cha pili wanaanza nao. Ukasema utakwenda kikaoni ukawasikilize wanataka nini. Kikao kilifika umeshazikwa.

Mimi nimo ndani. Eda yetu unaijua, mlango na pazia, na wanawake wa kuingia na kutoka. Nikamtuma Hamadi, ndugu yako. Aliporudi alikaa barazani akanisemesha kupitia pazia: "Yamesemwa mengi, shemegi. Mtaala ati mpya. Lakini hesabu si hesabu? Mbili na mbili igeuke iwe nini?" Nikamwamini. Hamadi hana ubaya, ila skuli aliiaga mapema, na mtu jambo likimtisha hulifanya dogo. Nami nilitaka liwe dogo.

Kisha Salma na wenzake wakaitwa kambi, wakalale huko wakisomea mtihani. Si unakumbuka ulivyokuwa ukiingojea kambi hiyo? Ulishasema utawapelekea mchele na nazi mwenyewe, uone wanalala wapi na nani anawasomesha. Shangazi yako Bi Time akakata maneno mbele ya wanawake wote: "Mtoto wa kike hamwachi mamaake edani. Watu watasemaje?" Salma akadakia, "Mie nakaa na mama." Nikashukuru, Baba Salma. Nilikuwa naiogopa nyumba hii.

Ila sikutaka akae bure. Nikamwomba Hamadi amtafutie mwalimu wa tuisheni. Akamleta Maalim Khatibu, yule mstaafu aliyetusomesha sote, wewe na mimi. Mwanamume haingii kwa mwenye eda, basi akawa anasomesha barazani, na mimi nyuma ya pazia na ungo wangu wa mchele, nasikiliza.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Nilielewa kila kitu. Mimi, niliyefeli kidato cha pili nikarudishwa nyumbani, nilikuwa najua jawabu kabla ya Salma. Mifano ilikuwa ile ile, hata yule mkulima wake na shamba lake la pembe tatu. Siku alipomfikia mkulima huyo nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu ufe. Nikasema kumbe sikuwa mjinga, kumbe elimu haiozi. Sikujiuliza vipi mtaala mpya niujue mimi.

Jumatano Bi Zuhura, mwalimu wa darasa la Salma, alinikalisha akanionyesha taratibu, wala hakunidharau. Mada nyingi za Maalim zimeondolewa, na zilizoingia Salma hazijui hata majina. Alama nyengine hazingoji mtihani. Zinakusanywa kwa kazi za vikundi na miradi, na mingi ya miradi ilifanywa kambini. Mahala pa Salma ni patupu. "Tulituma watoto waje kumwita," akasema. "Walijibiwa yuko na mamaake." Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamuuliza nimpeleke wapi. Akanitajia Mwalimu Rahma, binti anayesomesha wasichana sebuleni kwao, hapa hapa Jadida, nyuma ya msikiti. Mwanamke, Baba Salma. Angeweza kulifunua pazia akaingia, akakaa nasi mkekani tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemfikiria, kwa sababu tulipotafuta mwalimu tulitafuta mvi na kanzu.

Kesho yake tukenda, Mwalimu Rahma akampima Salma kutwa nzima, kisha akaniita pembeni. "Bi Maryamu, sikufichi. Mtihani umeshatukaribia. Ntajitahidi naye, lakini mjitayarishe kurudia darasa." Na kurudia kwenyewe si haki yake, ni mpaka skuli ikubali na kiti kiwepo.

Njiani nilimlaumu Maalim, nikamlaumu Hamadi, nikamfikia na Bi Time. Tulipoingia ndani nikamgeukia Salma mwenyewe. Nikamwambia wewe ndiye unayesoma, wenzako wa kambi walikuwa wakikupitia, hukuona kama unafundishwa vitabu vya babu? Akasema aliona. Alijua tangu wiki ya pili.

"Mbona hukusema?"

"N'likusikia unacheka nyuma ya pazia, mama. N'kaona akiondoka Maalim, utarudi kulia."

Nilikaa chini pale pale na buibui langu. Mtoto amesoma masomo yaliyokufa ili mimi nipate cha kusikiliza. Amekalia mkeka ule alasiri kwa alasiri, akijua, akimuitikia mzee wa watu kwa adabu, huku mtihani unamjia. Ningejua ningelia mpaka macho yapofuke, lakini yeye angekwenda kambi.

Sasa wameanza. Bi Time anasema akifeli si mwisho wa dunia, mbona mimi nilifeli na nikapata mume mwema. Kweli nilipata. Lakini ule usiku wa harusi yetu ulinikuta nalia, ukadhani nakuogopa, nikakwambia nalilia skuli. Ukasema tukijaaliwa binti, hatokomea pale nilipokomea mie. Naye Hamadi anaitazama cherehani yako pale pembeni. "Kazi ipo, shemegi. Cherehani ya babaake inamngoja."

Kwa hiyo nimempa aichukue. Ameibeba jana, na sakafu imebaki na alama nne za miguu yake. Nisamehe, najua ulivyokuwa ukiipangusa kama mtoto mchanga. Lakini sikutaka kitu chochote ndani ya nyumba hii kimngojee mwanangu afeli. Futikamba nimeizuia, anakwenda nayo kwa Mwalimu Rahma.

Na mimi nakwenda naye. Nakaa mkekani nyuma ya wasichana, na Wallahi sielewi kitu. Salma akiniuliza mama umefahamu, namwambia sikufahamu, nieleze. Ananieleza, mara nyengine naye anakwama, tunatazamana.

Lala, Baba Salma. Sina habari njema ya kukuletea, na sitokutungia. Akifaulu nitakuombea dua kwa furaha. Akifeli nitakwenda mwenyewe kumuombea kiti, na wakinifukuza nitarudi tena. Na kulia, nitalia mbele yake, aone, ajue kuwa mamaake akilia hafi.

Wako,
Maryamu