Kawaida ya Nani?

Shoga, uko? Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Mkaguzi kaniuliza mbele ya bosi, "Ufunguo unaofunga faili za wagonjwa una biti ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini, "Za kawaida."

Akanitazama. "Kawaida ya nani?"

KAWAIDA YA NANI! Nikakimbilia programu kuangalia.

Kumbe usipoandika idadi ya biti kwenye mstari unaotengeneza ufunguo, programu inajichagulia yenyewe. Kwenye kompyuta yangu inaweka 2048. Kwenye ile seva yetu kuukuu yenye hizo faili, 1024! Nusu! Miaka miwili nalala fofofo, kumbe faili za watu nimezifunga kwa kufuli la begi.



Halafu nimekumbuka. Programu ya kliniki yenu... ule mstari si uliunakili kwangu?