Kipele cha Kiganjani, Nyani wa Shambani na Posa ya Edith

Mpendwa Mama Hellena,

Kwa heshima na taadhima naomba kuwatangazia wasomaji wote wa safu yako, kuanzia Sumbawanga mjini hadi huku kwetu Mwazye, kwamba mimi Teodori, baba wa watoto watano, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani (ya nne kwa sababu hakuna ya tano), nimeota kipele. Ni kimoja. Kiko katikati ya kiganja cha mkono wa kulia.

Ningependa tangazo liishie hapo, Mama, ila kipele hicho kilikuwa na ndugu. Ilianza homa, nikasema malaria, nikapima, malaria hakuna, kisha kichwa na mgongo vikauma kana kwamba nimelima ekari nzima, mke wangu Rosina akasema huo ni uongo kwa kuwa ekari hiyo kalima yeye, halafu mitoki ikavimba shingoni na kwenye kinena hata nikawa natembea kama bata, ndipo vikaja vipele, usoni, viganjani, kwenye nyayo, haviwashi sana ila vinauma, na vyote vinakwenda pamoja kama wanafunzi wa darasa moja, vilikuwa madoa, vikainuka, sasa vina maji ndani na katikati pana kishimo kama kitovu. Shemeji yangu Eustaki alinipaka dawa ya bluu. Nilipojitazama kwenye kioo niliona ndege wa porini, si baba wa familia.

"Shemeji, hiyo ni ndui ya nyani," Eustaki akasema. "Wameitangaza redioni, wanaiita Mpox."

"Nimeipata wapi?"

"Kwani wewe nyani huwajui?"

Nawajua, Mama. Wiki mbili hivi kabla ya homa nilikuwa nalala kwenye kibanda cha shamba kulinda mahindi, akaja nyani dume, mnene, ana kovu juu ya jicho la kushoto na sikio moja limechanika, akavunja hindi, akaling'ata upande, nikamfukuza hadi kwenye kichuguu, akalitupa, nami kwa kuwa nililelewa kutotupa chakula nikalichoma nikala. Rosina alipolisikia hilo akanihamishia chumba cha magunia. Ugali unapitishwa mlangoni. Mbele ya watoto naitwa Baba Nyani.

Hayo ningeyavumilia. Shida ni Jumamosi. Wakwe wanatoka ziwani kuleta posa ya binti yangu Edith, na katika ukoo wetu baba wa binti na mshenga hunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kutoka chungu kimoja, na katikati ya kunywa hubadilishana mirija, ndipo maneno yaanze. Baba asiyeshika mrija amekataa, hata kama mdomo unasema amekubali. Edith anampenda huyo Loth wake, na ameshaniambia kupitia ufa wa mlango, "Baba, ukiniharibia hii, nitaolewa na huyo nyani wako." Nikinywa naogopa nitamwambukiza mgeni, nisiponywa binti kakosa mume, nikienda zahanati watanizuia na habari itafika ziwani kabla yangu, nimefikiria kuvaa suti na glavu niseme ni mafua, Eustaki anasema ninywe tu maana pombe inaua kila kitu. Nisaidie, Mama, niko kati ya magunia na aibu.

Teodori, Mwazye

*

Teodori,

Pole sana. Maumivu hayo nayaamini, na pole ya pili ni ya kuwa na shemeji kama Eustaki. Pombe ya ulezi haijaua kirusi chochote. Inachoua ni akili, na kwake imeshamaliza kazi.

Mimi si daktari na barua haina macho, lakini uliyoyaandika ndiyo dalili tunazoambiwa tuzitambue. Homa, kichwa, mgongo, kisha mitoki. Hiyo mitoki usiidharau, tetekuwanga kwa kawaida haiji nayo hivyo. Tetekuwanga huwasha, hupenda kifua na mgongo, na utakuta kipele kipya kimekaa jirani na kilichokwisha kukauka. Upele wa kawaida hujificha katikati ya vidole na kukuwasha usiku kucha. Vyako viko usoni, viganjani na kwenye nyayo, vinakua pamoja, vina vishimo. Anayeweza kuthibitisha ni maabara peke yake, kwa hiyo nenda leo. Usisubiri Jumamosi. Piga kwanza 199, ni bure, wakuelekeze. Funika vipele, vaa barakoa, usivitumbue, na hiyo bluu iache. Sahani yako, shuka lako, taulo lako viwe vyako peke yako, na Rosina akifua avae glavu. Jicho likianza kuuma, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hapo ni kukimbizwa hospitali.

Mrija usiuguse hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote. Tuma mtu kwa wakwe aseme wazi kwamba baba anaumwa na posa isogezwe mbele. Edith atakununia. Atapona pia.

Sasa huyo nyani. Ugonjwa huu kwa jinsi unavyotembea siku hizi unapita zaidi kwa watu: ngozi kwa ngozi, mate, blanketi moja. Nimesoma barua yako mara mbili nikaona nyani ana kovu, ana sikio, ana jicho la kushoto, lakini mkwe wako mtarajiwa hana hata sura. Mimi nina mume, Teodori. Hadithi zenye maelezo mengi nazijua. Ulilala karibu na nani kabla ya homa? Usinijibu mimi. Mjibu mhudumu wa afya, kwa jina, maana huyo mtu naye huenda anaumwa na ana watu nyumbani kwake.

Mama Hellena

*

Mama Hellena, shikamoo.

Magamba yameanguka, ngozi mpya imeota, na Rosina amenirudisha chumbani. Majibu ya maabara yalikuwa ndiyo. Sasa niseme kweli, maana nyani wa watu nimemchafulia jina vya kutosha.

Sikuwa shambani. Nilimuaga Rosina kwamba nakwenda kulinda mahindi, nikapanda gari kwenda ziwani, nikajifanya mnunuzi wa migebuka, samaki wa huko, ili nimchunguze Loth na ukoo wake kimyakimya. Aliyenikaribisha ni baba yake mdogo, Stanley, mtu mkarimu, tukagawana mkeka na blanketi. Alikuwa na vipele usoni, akasema ni joto. Na ndiye mshenga. Kumtaja kungekuwa kukiri upelelezi wangu, na posa ningeiua mwenyewe.

Pale zahanati nilianza na nyani. Mhudumu, dada Margareth, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo nyani, baba, mlilala naye mkeka mmoja?"

Nikamtaja Stanley. Walimfuata, wakamkuta hoi, na mjukuu wake anayenyonya ameanza homa na vipele mdomoni. Mtoto alilazwa, akapona. Huwa nafikiri ingekuwaje kama ningeng'ang'ania lile kovu na lile sikio.

Posa ililetwa baada ya sote kupona. Stanley alikaa mbele yangu, chungu katikati.

"Mzee mwenzangu, ile migebuka ilifika salama?"

Nikaanza kueleza kwamba bei ilinishinda.

"Tulikujua siku ileile," akasema. "Mnunuzi gani wa samaki habishani bei, anauliza tu kama kijana analewa, kama anasali, na kama mama yake ana mdomo?"

Ukumbi mzima ukacheka, na Edith akacheka kuliko wote. Kisha Stanley akanikabidhi mrija wangu, akashika wake, akatangaza kwamba mwaka huu kubadilishana hakuna.

"Kunywa, Baba Nyani," Rosina akasema kutoka jikoni. "Binti anasubiri."

Nikanywa.

Teodori