Nani Alikubalia Simu

Ediofe, Arua
Siku ya soko, mchana

Dada yangu Driwaru,

Salamu mingi kutoka kwa kaka yako Obitre, yenye hajakufa bado hata kama watu ya hapa inachoka kungoja. Magoti yako inaamka namna gani asubuhi? Muhogo imekubali mvua, ama panya imekula kwanza? Na ile jogoo yako yenye inapiga watu mpaka shemeji anapita nyuma ya nyumba, bado iko? Mimi niko. Mgongo inalalamika, lakini mgongo imelalamika tangu zamani, nimezoea kama mutu anazoea jirani mbaya.

Anayeandika ni Rosa Kiden, jirani yangu, ile mama ya Sudan anauza samaki kavu. Mimi nasema, yeye anaandika. Kilugbara hajui, na watu ya bwana yako hapo Abuku, upande ya Koboko, ni Wakakwa, basi nasema Kiswahili, kila mutu asikie. Na mutu yenye atakusomea, najua ni nani. Hapo kwako hakuna mwingine anasoma kama yeye. Shakira, mjukuu yangu, soma pole pole, usiruke mahali. Babu yako anachoka kusema kitu mara mbili.

Driwaru, hii hadithi watu yote wanaiharibu. Bodaboda ya hapa wanasema mjukuu ya Obitre aliuza shamba kwa Wachina ndani ya simu. Wamama wanatoka misa wanasema jini ilitoka kwenye kioo ya simu ikakula pesa, na ati ilikuwa na mkia. Rafiki yangu Acidri anasema hivi leo, kesho anasema vingine, inategemea nani amemununulia chai. Na wewe, nasikia hapo kwa bomba ya maji unasema umeletewa mwizi kutoka mjini umufundishe jembe. Yote makosa. Mutu moja tu anaweza kusema hii maneno sawasawa, na hiyo mutu ni mimi. Hata kama haingekuwa yangu, mimi ningeisema vizuri kushinda mwenyewe.

Dereva ya gari ya mtama alinipa neno yako. Ulisema pesa imerudi, shule inafungua Jumatatu, lakini Shakira anakataa kurudi Arua. Ati amesema atarudi siku babu atasema vile ilikuwa, mbele ya watu yenye walisikia. Ulisema hujui maana yake. Mimi najua. Nguo yake ya shule imetundikwa hapa ukutani, naiangalia nikikula, na enya, ugali yetu, inabaki kwa sahani. Basi nasema. Lakini acha nianze mahali inaanza, usinisukume.

Unajua Juliet, binti yangu, mama ya Shakira, anauza chai Juba. Pesa ya shule anatuma kwa simu yangu, ile kubwa alininunulia mwenyewe. Hiyo simu ndiyo Shakira anachezea gemu. Iko na askari wanaruka kutoka ndege, wanapigana, wanakufa, wanaamka tena. Mimi nilikuwa jeshi, Driwaru, na sijaona askari na nywele ya rangi ya waridi. Nilimuambia Shakira huyo afande yake angekuja kwa kambi yetu, sajini angemunyoa na chupa. Alicheka mpaka akaanguka. Sasa hiyo askari ikitaka nguo muzuri, ama bunduki ya dhahabu, ama mabawa, lazima ununue na daimondi, na daimondi inanunuliwa na pesa ya kweli. Hiyo mimi sikujua. Nilifikiri daimondi ya gemu ni kama ng'ombe ya hadithi, haikuli majani.

Basi wakati ya kulipa shule ikafika. Nilienda kwa kile kibanda ya kutoa pesa, musichana akabonyeza, akaniangalia na huruma, akasema muzee, simu yako imebaki maganda. Pesa ya Juliet yote imeenda kwa gemu.

Wengine wangelia. Mimi nilivaa koti. Ile koti ya kijivu, ya maneno ya mahari. Wewe unajua kazi yangu. Kutoka Kuluva mpaka Koboko, ndoa ikivunjika na wale wakwe wanakataa kurudisha ng'ombe, nani anaitwa? Obitre. Hakuna nyumba ilikula ng'ombe yetu ikalala vizuri. Nikasema kurudisha ni kurudisha. Mutu alichukua mali yako, kitu alikupa haikukaa, unamupa kitu yake, anakupa mali yako, mnakunywa chai, mnaachana. Nikachukua Acidri awe shahidi, tukaenda mjini kwa ofisi ya simu.

Mbele alikaa musichana anaitwa Keji, heshima mingi, sauti kidogo. Nilimusalimu, nikauliza habari ya wazazi, habari ya ng'ombe ya baba yake. Akasema baba iko salama, ng'ombe hana, na nyuma yangu iko foleni. Nikamuuliza hii gemu ni ya ukoo gani, na mujomba yake ni nani, juu maneno ya kurudisha haianzi kama mujomba haiko. Foleni yote ikacheka. Acidri naye akacheka, musaliti. Keji akasema mwenye gemu iko mbali, ng'ambo ya bahari, yeye anaweza tu kumupelekea maneno. Nikasema vizuri, mupelekee. Mabawa yake iko hapa ndani, haijapasuka, haijachafuka, mutoto amevaa kidogo tu, achukue. Keji akasema mabawa haiwezi kutoka kwa simu. Hapo ndipo nilimushika. Nikamuambia kama haiwezi kutoka, basi haijatoka kwa nyumba yenu. Mmekula ng'ombe, na bibi harusi bado iko kwa jiko ya mama yake! Jamaa moja nyuma alipiga makofi. Mama moja akasema mupeni muzee pesa yake, tuendelee na yetu.

Keji hakukasirika. Aliweka kalamu chini, akaniuliza pole tu, muzee, wakati gemu iliomba pesa, nani alikubali?

Driwaru, hiyo swali ni yangu. Ni mimi nauliza watu hiyo swali. Wazee wakishachoka kupiga kelele, mimi nasimama, nasema leteni musichana hapa katikati. Namuuliza wewe mwenyewe ulikubali hii ndoa, ama hapana? Hapo nyumba moja inaanguka. Na sasa mutoto ya juzi ananiuliza mimi, foleni yote inasikiliza.

Nikasema hakuna mutu alikubali. Nikasema nililala, mutoto akachukua simu, akaiba.

Acidri aliangalia kiatu yake.

Keji akaandika. Alinipa karatasi nisome, niweke jina. Nilimuambia miwani imevunjika, macho ya uzee haioni kitu, nikaweka kidole. Akasema mwenye gemu anaweza kurudisha kama ni mutoto alichukua bila ruhusa, lakini lazima mwenyekiti ya kijiji aandike pia, na apige muhuri.

Ile mukutano wewe ulikuwa. Ulikuja na gari ya asubuhi kutoka Koboko, magoti na yote. Mwenyekiti aliuliza Shakira, wewe uliiba pesa ya babu? Unakumbuka aliangalia nani? Si mwenyekiti. Aliniangalia mimi, akangoja. Mimi nikaanza kukohoa. Basi akafunga mdomo, na mutu yenye amenyamaza ni rahisi kuandikwa. Muhuri ikapigwa. Wewe ukasema nipeni huyu, Abuku iko na majani mingi ya kupalilia. Alikunja nguo yake mwenyewe, akapanda gari, hakugeuka.

Pesa ikarudi. Simu ililia, Rosa akanisomea. Nililipa shule siku hiyo hiyo. Watu walinisalimu barabarani kama mutu ametoka vita, Obitre amerudisha mahari kutoka ng'ambo ya bahari, hakuna mutu West Nile amefanya hiyo. Nikasimulia kwa soko, nikasimulia kwa msiba, nikasimulia kwa kinyozi. Kila siku nilishinda ile Keji vizuri zaidi. Nikirudi nyumbani nimechoka kama mutu alibeba mawe. Simu inaita, inaandika kitu, inauliza kitu, ndani ya nyumba hakuna mutu ya kuniambia inasema nini. Siku hizi naiweka chini ya godoro.

Sasa nimezunguka mpaka njia imeisha. Rosa amepumzisha mkono, ananiangalia kama ile foleni.

Sikuwa nimelala, Driwaru. Nilikuwa kwa baraza ya Acidri, na wanaume ingine, naeleza ile maneno ya ng'ombe ya Maracha. Nilikuwa nimefika mahali tamu, baba mukwe anapanda juu ya nyumba akikimbia. Shakira akaja. Alipiga magoti kama ulivyomufundisha, akanyoosha simu na mikono mbili. Akasema, babu, ni gemu, inataka pesa ya mabawa, inauliza kama unakubali. Alisema vile. Hakuficha kitu. Wanaume wote wakanigeukia, wakangoja. Mimi nikachukua simu, nikaangalia kioo kama mukubwa ya ofisi, nikatikisa kichwa. Sikuwa na miwani, sikuona pesa ni ngapi. Nikabonyeza namba yangu ya siri na hii kidole, ile ile niliweka kwa karatasi ya Keji. Nikasema haya, kubali, nenda, usiniharibie hadithi.

Akasema asante babu. Alikimbia akizunguka Ediofe yote anaambia watoto wenzake babu yangu amenunulia mimi mabawa. Alinisifu, Driwaru. Mimi, mutu napenda sifa kushinda nyama, hiyo moja nikaitupa.

Kwa hiyo huyo si mwizi. Aliuliza, na mimi nilikubali. Uwaambie hapo kwa bomba ya maji, na sauti ile ile ulisema nayo mwizi, wewe sauti unayo. Mwenyekiti nitaenda kwake kesho asubuhi, apasue ile karatasi yake, anicheke akitaka. Rosa anauliza na Keji je? Nitaenda pia. Kama mwenye gemu anataka pesa yake tena, baiskeli iko, Acidri ameitamani siku mingi. Na Juliet nitamupigia simu mwenyewe. Hapo ndipo naogopa kabisa, huyo ana mdomo yangu.

Mupandishe gari Jumapili asubuhi. Nitakuwa hapo steji, na koti. Kama hataki kunisalimu, asinisalimu, nitabeba mfuko yake nyuma yake. Mupe karanga kidogo ya njia, lakini si ile yenye ulichoma mwaka jana, ilikuwa kama changarawe.

Salimia shemeji na umuambie ashike fimbo akipita kwa jogoo. Salimia watoto ya nyumba yote, na ile mzee jirani yako yenye ananidai hadithi, muambie nimechoka, nitamulipa mwaka ingine. Awadifo, asante, kwa kumulisha mutoto yangu. Mungu akulainishie magoti.

Ni mimi kaka yako,
Obitre (kidole yangu iko hapa chini, Rosa ameipaka wino)

Rosa alikuwa anakunja karatasi. Nimemuambia akunjue.

Shakira, hapa ni kwako. Iko kitu moja niliongeza. Hakuna miwani. Haikuvunjika, juu haijakuwa hata siku moja. Macho yangu iko salama kabisa, kutoka hapa naona mlima Wati hata na ukungu yote ya mvua. Kusoma ndiyo sijui, hata herufi moja ya jina yangu. Wanaume ya baraza ya Acidri hawajui. Foleni ya Keji haikujua. Wewe unajua. Ulijua wakati naangalia kioo na kutikisa kichwa, ulijua mbele ya mwenyekiti, na hapo ulikuwa na neno moja ya kujiokoa, ukaimeza.

Mimi sikusikia uliomba hii. Uliomba ile ya mabawa tu. Kama watu ya Abuku imekaa karibu na wewe, na unaona afadhali kunifunika tena, kunja karatasi, sema imeisha. Haitakuwa kosa. Lakini mimi babu yako nasema soma, na usome kwa sauti.