Kiboksi Nyuma ya Maziwa

Dada yangu,

Mimi ndiye niliyekitoa kile kiboksi cha barafu kwenye friji yetu nikampa daktari wa upande wenu. Si Mama, kama wanavyosema sokoni. Si mtu wa maabara, wala si dereva wa mumeo. Ni mimi. Nimeandika hivi kabla ya salamu kwa sababu najijua: ningeanza na salamu ningejaza ukurasa mzima nikiuliza habari za mvua, kisha ningeweka kalamu chini. Hakuna mwingine niliyemwambia.

Sasa shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mtoto naye mzima, na kwamba meno yake yameshatoka akakuacha ulale. Sisi huku tuna afya. Nasema afya tu, amani usiniulize. Baba na Mama wanaishi nyumba moja na kuombana chumvi kupitia kwangu. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Baba hakusalimu. Tangu ulipotuma ile sauti kwenye kundi la familia ukimwita muuaji, anasema ana binti mmoja tu, na yule mwingine ni raia wa nchi jirani. Huyo binti mmoja ni mimi. Kama angejua!

Naandika kwa mkono kwa kuwa siku hizi Baba huzichukua simu zetu na kuzipekua mezani, mbele yetu, bila hata kuona haya. Barua ataibeba dereva wa lori la mayai. Ndiyo, mayai yameanza kuvuka tena, nami nitakueleza yamevukaje.

Lakini kwanza nataka ujue kwamba nilikukasirikia, na sina hakika kama hasira imekwisha. Nyinyi ndio mlioanza. Chama cha wafugaji cha huko, ambacho shemeji ni katibu wake, kiliiambia wizara yenu kwamba mayai yetu ni ya zamani na yananuka samaki. Lango likafungwa asubuhi moja bila taarifa, na trei za Mama zikiwa tayari kwenye foleni. Jua likayapika. Yalianza kupasuka yenyewe ndani ya trei, pa, pa, na harufu ikaingia kwenye nguo za watu wote wa mtaa huu. Mama aliliosha lile lori kwa mikono yake kwa sababu vibarua walikataa. Alipokupigia simu ulimjibu kwamba shemeji anasema hayo ni mambo ya serikali na serikali. Mama alikata simu, akaniuliza kama serikali ndiyo ile iliyokaa kwenye kiti cha Baba siku ya kuja kukuposa, ikala mayai yake matatu na kuomba la nne. Nilicheka, naye akacheka, kisha akarudi kusugua.

Kwa hiyo lori la vifaranga wa shemeji lilipofika langoni, watu wa huku walikuwa wanalisubiri.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi kwenye kituo cha ukaguzi wa mifugo. Baba, daktari wa kituo hicho, aliniombea nafasi ya muda hadi matokeo ya mtihani yatoke. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba kwenye vichupa vya sampuli, kuchemsha chai na kunyamaza, na hiyo ya tatu naiweza kuliko mtu yeyote pale. Wote wananiita Bi Kimya, jina alilowafundisha Baba mwenyewe.

Siku ile alinifundisha kazi kwa uvumilivu ambao nyumbani hana. Alinieleza kwamba kifaranga wa siku moja huzaliwa na akiba ya kiini tumboni, ndiyo maana anaweza kusafirishwa bila kula, lakini joto halivumilii. Nilikuwa nawashika mmoja mmoja, yeye akiingiza kijiti cha pamba kooni na kukitia kwenye kichupa. Baba alimwinua mmoja kwenye mwanga, akamgeuza, akasema hawa ni wazima kabisa. Akasema mumeo ni mpumbavu lakini vifaranga anawajua. Nilitaka kukutumia maneno hayo siku hiyohiyo. Nilijua ungefurahi.

Vichupa tukavipanga kwenye kiboksi cha barafu. Kwa mkataba wa nchi zetu mbili, kiboksi hicho hufungwa kwa utepe wa karatasi, daktari na dereva wakaweka sahihi zao juu ya utepe, na anayeruhusiwa kuukata ni mtu wa maabara ya mji mkuu peke yake. Baba alitia sahihi. Dereva wa shemeji akatia sahihi, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza majibu yatachukua muda gani. Baba akamwambia asihofu, basi la jioni litakipeleka.

Kisha simu ya Baba ikalia. Aliyepiga alikuwa mkuu wa idara. Baba alitoka akasimama karibu na tangi la maji, nami nilikuwa pale najaza birika. Nilisikia upande wake tu. Alisema ndiyo mkuu. Akasema lakini mkuu. Akasema wazima mkuu, nimewaona mwenyewe. Halafu ikawa ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, hadi simu ikakatika. Aliporudi hakunitazama. Aliniambia kiboksi nikiweke kwenye gari letu, si kwenye basi.

Nyumbani alikiingiza mwenyewe kwenye friji, rafu ya chini, nyuma ya maziwa. Mama alipouliza, aliambiwa hicho ni kitu cha serikali na mkono wake usikiguse. Kesho yake redio ikatangaza kwamba vifaranga kutoka nchi jirani wamepimwa na kukutwa na ugonjwa, na lori limezuiwa langoni.

Dada, watu walishangilia. Watu unaowajua, waliokubeba mgongoni. Mwenye kibanda cha vinywaji alikataa kumuuzia dereva maji, akamwambia, "Kayanywe kwenu, ya huku yananuka samaki!" Vijana wakawa wanamwigia kuwika kila akipita. Yeye alivua shati, akalichovya kwenye mtaro na kulitandaza juu ya maboksi, akiomba lori lisogezwe tu kivulini. Walinzi walimjibu kwamba kivuli cha nchi hii ni cha raia. Kelele za vifaranga zilikuwa zinasikika hadi ofisini, nyembamba, nyingi, zimeshikana kama mvua kwenye bati. Baadaye zikapungua. Zilipopungua ndipo nikashindwa kunywa chai.

Habari za shimo walimofukiwa siziandiki. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta chokaa. Wewe umelieleza shimo lile kwenye sauti yako vizuri kuliko mimi niliyesimama ukingoni, na jambo hilo pia lilinikera.

Ulisema Baba hana moyo. Sikiliza basi kitu nilichokiona. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, alikifungua kifuko cha nje cha kile kiboksi na kubadilisha barafu. Utepe hakuugusa. Alikuwa na choo cha kumwagia vile vichupa, alikuwa na shimo la taka nyuma ya kituo, alikuwa na jiko. Hakumwaga. Amefanya kazi ya sampuli maisha yake yote na nadhani mikono yake ilikataa kuziharibu, hata baada ya mdomo wake kukubali kudanganya. Au labda alitumaini mkuu angempigia tena kumwambia azipeleke. Sijui. Nilikuwa namtazama kutoka mlango wa jikoni, yeye ameinama mbele ya friji na soksi zake, na nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja.

Mawaziri wakapanga kukutana kwenye ukumbi wa pale mpakani. Baba aliagizwa aje kueleza ugonjwa huo mbele ya wataalamu wenu. Mimi nilipewa kazi ya kugawa maji. Mkuu wa idara alisema nafaa kwa sababu sina mdomo.

Asubuhi hiyo Baba alitoka mapema. Nilikitoa kiboksi, nikakiweka chini ya kikapu, nikapanga chupa za maji juu yake. Njiani nilifanya mazoezi ya sentensi moja, kwa maana nilijua mbili sitaziweza. Daktari wenu ni mwanamke mwenye miwani mikubwa. Nilimwona akienda chooni kabla ya kikao nikamfuata. Alikuwa ananawa. Niliweka kiboksi pembeni ya sinki nikasema, "Hizi ni zenu, hazijapimwa na mtu." Ile sentensi niliyoifanyia mazoezi ilikuwa nzuri zaidi. Akautazama utepe, akaona haujakatwa, akaona sahihi ya dereva na ya Baba. Akaniuliza mimi ni nani. Nikatoka mbio na chupa zikagongana kikapuni kama kengele.

Dada, nilidhani ukweli ungesomwa kwa sauti. Nilidhani wangeita waandishi wa habari waliokuwa wanasinzia nje, mumeo asafishwe jina, na mkuu aulizwe alisema nini kwenye ile simu. Nilipoitwa kuongeza maji nilikikuta kiboksi katikati ya meza, kimefunikwa na gazeti. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Waziri wenu alikuwa anatabasamu. Mkuu wetu wa idara alikuwa anajipangusa shingo. Baba alikaa pembeni kabisa, mikono magotini, kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule. Waziri wenu alikuwa anasema, kwa upole, kwamba hapana haja ya kuaibishana kati ya ndugu, na kwamba sasa wanaweza kuzungumzia ushuru wa mahindi. Nikaambiwa nimimine na kutoka.

Walitoka wakiwa wameshikana mikono, wakapigwa picha. Taarifa ilisema kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano ya kitaalamu, na kwamba undugu wa mataifa yetu mawili haujatikiswa. Mayai yetu yakaruhusiwa. Vifaranga wenu wakaruhusiwa. Mahindi yetu yatawafikia kwa ushuru mnaoutaka nyinyi. Wale waliomo shimoni hawakutajwa hata kwa neno moja. Kwa hiyo shemeji asipolipwa asimlaumu Baba peke yake. Waziri wake alikuwa na ushahidi wote chini ya gazeti akaubadilisha kwa mahindi. Na wewe usinishukuru. Sikufanya hivyo kwa ajili ya mumeo. Nilifanya kwa sababu nilimsikia Baba akisema wazima mkuu, na nilitaka mtu mwingine asikie.

Baba amehamishiwa kituo cha mbali, kusiko na mpaka wala mifugo ya maana. Jioni ya siku ya kikao aliingia na viatu, akafungua friji, akasogeza maziwa. Alisimama pale mlango ukiwa wazi hadi mashine ikaanza kunguruma. Kisha akageuka akauliza ni nani. Tulikuwa wawili tu jikoni. Macho yake yalinipita kama ninavyopitwa siku zote. Akasema Bi Kimya anaogopa hata kuku, kwa hiyo hawezi kuwa yeye. Akamkazia Mama. Akamwambia amejua siku nyingi kwamba anapiga simu ng'ambo kwa siri kuongea nawe, na sasa amemuuza mumewe kwa mkwewe.

Nilifungua mdomo, dada. Naapa nilifungua. Mama alikuwa anapima mayai, akiinua moja moja mbele ya taa kutenga mazima na mabovu, kama kawaida yake. Bila kugeuka akasema friji ni yake, aliinunua kwa mayai, na hataki makohozi ya kuku karibu na maziwa yake. Aliyekuwa anakihitaji kiboksi hicho angekipeleka kulikoandikwa. Baba akamwita msaliti. Akamwita majina mengine ambayo sitayaandika. Mama aliendelea kuinua mayai. Halafu akanitupia jicho mara moja tu, jinsi anavyolitazama yai mbele ya mwanga, akaona kilichomo, akaliweka upande wa mazima.

Tangu hapo Baba hali chakula cha Mama. Anafunga mizigo na amesema ataondoka peke yake. Sokoni wanamwonyesha Mama vidole, na mayai yao yanavuka kwa sababu ya jambo wanalomtukania. Kila nikitaka kusema, Mama ananituma kitu: niletee trei, nichotee maji, kaangalie mlango. Hajaniuliza wala sidhani kama ataniuliza.

Mpe mtoto busu. Shemeji msalimie kwa kiasi unachoona kinamstahili. Ukiweza, mpigie Baba kabla hajaondoka. Hatapokea, lakini ataona kwamba umepiga.

Na haya niliyokuandikia yabaki kwako. Mumeo usimwambie, hata siku mtakayokuwa mnacheka vizuri. Yeye ni mtu wa chama; atayapeleka kwenye kikao, wataweka gazeti juu yake na kuanza kuulizana yana thamani gani. Nimeshaona ukweli ulivyofanywa ulipovuka mpaka. Huu mmoja ukishakufikia usivuke tena, wala usirudi huku. Ufunge, dada, utie sahihi yako juu ya utepe, na asiukate mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Kimya