Kombe la vishale limelala kwangu

Restuta, nimechukua kombe. Mbele ya watu wote pale baa!

Si unajua marehemu mume wangu Benjamin ndiye aliyeanzisha yale mashindano ya vishale vya kurusha ubaoni? Mchezaji anaanza na pointi 501, anapunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kipige ule mstari wa nje wa ubao, wa pointi maradufu.

Leo Rogasian mwenye baa kasimama: "Sasa ni Kombe la Rogasian. Na sheria ya kishale cha mwisho tumeifuta, inachelewesha watu kunywa."

Inachelewesha watu kunywa! Mimi mjane nimekaa pale.

Nikalifunga kombe kwenye kitenge, nikaondoka.

Wachezaji wamenifuata hadi migombani. "Mama, fainali bado!"

Nikawaambia fainali ichezwe uani kwangu, kwa sheria za Benjamin, na watakunywa chai.

Wamekubali. Nimechoka, Restuta. Niazime birika lako kubwa.